Kumwandaa mshauri kwa mteja mwenye matatizo ya ulaji: kwa nini kusikiliza peke yake hakutoshi

Mshauri wa saikolojia hufunzwa tangu mwanzo kumpa mteja nafasi: asimkatize, asimwamulie, amfuate kwa mwendo wake. Kwa mtu aliyefiwa, aliyeachwa au aliyeelemewa na kazi, mafunzo hayo yanafaa. Kwa mtu anayejinyima chakula, au anayefakamia kisha akajitapisha, yakiachwa peke yake yanaweza kumdhuru. Wiki nane zinapita kwenye mazungumzo mazuri kuhusu utoto, mteja anamwamini mshauri wake, machozi yanatoka na mzigo unaonekana kupungua. Muda wote huo potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa, inashuka kwenye damu yake, na hakuna aliyemuuliza anatapika mara ngapi kwa siku.

Matatizo ya ulaji ni maradhi ya akili, lakini yanaua kupitia mwili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba vifo miongoni mwa watu wenye anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula hadi kukonda, vinakaribia mara 6 ya vile vinavyotarajiwa kwa watu wa umri na jinsia yao, na kati ya waliofariki, mmoja katika kila watano alijiua. Pamoja na hayo, elimu yake ni haba hata kwa madaktari. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba mwanafunzi wa udaktari hupata, kwa wastani, chini ya saa 2 za masomo kuhusu maradhi haya katika miaka yake yote ya chuo. Mshauri aliyesomea fani ya jumla hana sababu ya kuona aibu kwamba hakufundishwa. Ila afahamu kwamba hakufundishwa, na asidhani vipaji vyake vya kawaida vitaziba pengo hilo.

Mteja ni nani hasa

Mafunzo yoyote ya maana huanza kwa kubomoa picha. Watu wengi, washauri wakiwemo, wakisikia tatizo la ulaji humwona kichwani msichana mwembamba kupindukia. Huyo yupo, na anoreksia imekuwa na jina hilo tangu daktari William Gull wa London alipolitumia miaka ya 1870. Lakini bulimia, maradhi ya kufakamia kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine, ilikuja kuelezwa kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1979 tu, na Gerald Russell, na mtu mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida kabisa. Ugonjwa wa kufakamia chakula bila kujitapisha ulielezwa na Albert Stunkard mwaka 1959, ukasubiri hadi 2013 kupewa nafasi yake kamili katika toleo la 5 la mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani. Ndio wenye wagonjwa wengi kuliko anoreksia, na wengi wao ni watu wanene ambao kila walipokwenda kutafuta msaada waliambiwa wapunguze kula.

Yupo pia yule anayesahaulika zaidi: mtu aliyekuwa mnene, akapunguza uzito mwingi kwa muda mfupi, na sasa anaonekana wa kawaida. Anapongezwa kazini, anapongezwa nyumbani, na pengine anapongezwa hata na mshauri wake. Moyo wake unaweza kuwa unapiga polepole kupita kiasi, hedhi imekatika, na akili haina nafasi ya kitu kingine isipokuwa chakula. Hatari ya mwili haisomwi kwa macho. Inategemea sana kiasi cha uzito kilichopotea na kasi ya kupotea kwake, na mambo hayo mawili hujulikana kwa kuuliza.

Wala maradhi haya si ya kabila moja la watu. Televisheni ilipofika katika jimbo moja la Fiji mwaka 1995, timu ya mtafiti Anne Becker iliwahoji wasichana wa shule mara baada ya kufika kwake, kisha ikawahoji wasichana wengine wa shule hizo hizo mwaka 1998. Waliokuwa na alama za juu kwenye dodoso la ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na waliosema wamewahi kujitapisha ili kudhibiti uzito wakatoka sifuri hadi asilimia 11.3. Hayo yalitokea mahali ambapo mwili mkubwa ulikuwa unaheshimiwa. Wapo wanaoutumia utafiti huu kusema televisheni ndiyo chanzo, nami naona wanauvuta zaidi ya unapofika. Kurithi nako kuna mchango mkubwa: uchunguzi wa jeni uliotoka mwaka 2019 ulibaini maeneo 8 ya vinasaba yanayohusiana na anoreksia, na baadhi ya uhusiano huo unaelekea kwenye namna mwili unavyotumia chakula, si kwenye hisia peke yake.

Kwa kazi ya kila siku, mshauri hahitaji kuyakumbuka yote haya. Anahitaji mazoea ya kuuliza. Dodoso fupi lenye maswali 5, lililotungwa Uingereza mwaka 1999, bado linatumika sana: je, unajitapisha kwa sababu umeshiba hadi unajisikia vibaya? Unahofia kwamba huwezi tena kujizuia unapokula? Umepungua uzito sana katika miezi 3 iliyopita? Unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Ungesema chakula kimetawala maisha yako? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kuendelea na uchunguzi wa kina. Mafunzo mazuri humfanya mwanafunzi ayatamke maswali hayo kwa sauti, mbele ya mwenzake, mpaka neno kujitapisha limtoke bila kumeza mate. Wateja wengi huficha kwa miaka, si kwa sababu waliulizwa wakadanganya, bali kwa sababu hawakuulizwa.

Njaa inavyojigeuza kuwa tabia

Somo linalobadilisha wanafunzi wengi ni la mwaka 1944 na 1945. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume wenye afya njema ya mwili na akili, waliokataa kubeba silaha vitani na wakajitolea kwa utafiti. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna kati yao aliyeingia na tatizo la ulaji. Lakini wiki zilivyosonga, walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kuurefusha mlo mmoja kwa muda mrefu, kuchanganya vyakula kwa namna za ajabu na kugombana kwa mambo madogo. Walijitenga, wakakosa furaha, wakashindwa kukazia fikra jambo lolote. Walipoanza kulishwa tena, baadhi yao walikula kwa wingi wa kutisha na bado wakasema wana njaa.

Mshauri aliyeuelewa utafiti huo hamsikilizi mteja wake kwa namna ile ile tena. Ukaidi, hasira, kujitenga, kushikilia taratibu ndogondogo za mezani, huzuni isiyo na sababu: mengi ambayo angeyasoma kama haiba ya mtu au kidonda cha zamani yanaweza kuwa njaa tupu. Na kama ni njaa, hayatatibika kwa kuongelewa. Ndiyo maana karibu tiba zote zenye ushahidi huweka ulaji mbele, na kuacha historia ya maisha kwa baadaye au kuigusa pale tu inapozuia ulaji kubadilika. Kwa mshauri aliyezoea kuchimba mizizi, mpangilio huo huonekana wa juujuu. Ni hoja ninayoielewa. Lakini mtu aliyedhoofishwa na njaa hana akili ya kutosha kuchimba nayo.

Hapo ndipo inapoingia shajara ya chakula, chombo kikuu cha tiba ya kubadili fikra na tabia kwa matatizo ya ulaji, ile iliyoendelezwa hasa na Christopher Fairburn huko Oxford. Mteja huandika papo hapo, si jioni kwa kukumbuka: saa, mahali, alichokula, kama alijiona amepoteza udhibiti, na kilichokuwa kinapita kichwani. Kalori haziandikwi. Tuchukue mistari ya siku moja, niliyoitunga kwa mfano:

Saa 2 asubuhi. Chai bila sukari. Leo nitakuwa na nidhamu.
Saa 8 mchana. Sikula. Kazi nyingi.
Saa 3 usiku. Jikoni, nimesimama. Nusu mkate, mabaki ya jana, kisha kila kilichokuwa kabatini. Nimetapika. Najichukia.

Mwanafunzi wa wiki ya kwanza karibu kila mara hukimbilia neno la mwisho. Anauliza chuki hiyo ilianza lini, nani alimfundisha kujichukia, na kipindi kizima kinaishia huko. Aliyefunzwa anaanza na mstari wa pili. Mtu aliyekaa tangu asubuhi bila kitu tumboni hakushindwa na nafsi yake saa 3 usiku. Mwili ulidai deni lake. Kwa hiyo kazi ya wiki hiyo ni ya kawaida mno kiasi cha kumkatisha tamaa anayependa nadharia: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, visipishane kwa zaidi ya saa 4, hata kama jana usiku mteja alifakamia. Hasa kama alifakamia, kwa sababu kufidia kwa kufunga siku inayofuata ndiko kunakoandaa usiku mwingine kama ule. Kwa bulimia na kufakamia, hatua hii peke yake hupunguza matukio kwa wateja wengi kabla hata mjadala kuhusu umbo la mwili haujaanza. Chuki ile haisahauliwi. Inarudiwa mteja akiwa ameshiba.

Mizani na woga wa mshauri

Mwaka 2009 Glenn Waller, mwanasaikolojia wa Uingereza, alitoa hoja ambayo imekuwa ikinukuliwa tangu hapo: tatizo kubwa si kwamba washauri hawajui tiba inayofaa, bali wanaijua kisha wanakengeuka. Wanaacha kupima uzito, wanaacha kudai shajara, wanaahirisha zoezi la kula chakula kinachoogopwa. Kila kuahirisha kuna sababu nzuri siku hiyo. Mteja alikuwa analia. Uhusiano ulikuwa bado mchanga. Wiki ilikuwa ngumu. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba washauri wenye wasiwasi zaidi ndio wanaoelekea kuruka sehemu hizo ngumu. Wanaita hilo huruma, na kwa mteja linaonekana huruma, lakini wote wawili wanakuwa wamekubaliana kukwepa kitu kimoja.

Kwa maoni yangu hili ndilo lingepaswa kuchukua nusu ya muda wa mafunzo, na mara nyingi hupewa dakika za mwisho. Mihadhara hailitatui. Linatatuliwa kwa igizo dhima, mmoja akiwa mteja na mwingine mshauri, mizani ikiwa sakafuni kweli.

"Leo sitaki kupima."

"Sawa, tutapima wiki ijayo."

Mwezeshaji anasimamisha igizo hapo na kuuliza: mteja amejifunza nini sasa hivi? Amejifunza kwamba namba ile ni hatari kiasi kwamba hata mtaalamu anaiogopa. Wanarudia.

"Leo sitaki kupima."

"Naona leo ni ngumu kuliko wiki iliyopita. Kabla hujapanda, unadhani itaonyesha nini?"

"Nimepanda kilo tatu. Najua. Nilikula mara tano kila siku."

"Tuandike kilo tatu. Sasa tuone."

Ubashiri umeandikwa, mizani imesomwa, namba imewekwa kwenye grafu ambayo mteja na mshauri wanaitazama pamoja. Mara nyingi badiliko ni dogo kuliko lililotabiriwa, na wiki baada ya wiki grafu humfundisha mteja kitu ambacho maneno hayawezi: kwamba uzito hupanda na kushuka kidogo kwa sababu za maji mwilini na usagaji wa chakula, na kwamba mwelekeo husomwa kwa wiki 4, si kwa asubuhi moja. Kwa aliyekonda sana, grafu hiyo hiyo inaonyesha kama tiba inafanya kazi au la. Na woga kwamba uhusiano utavunjika? Tafiti za tiba hizi zimeonyesha kuwa nafuu ya mapema katika ulaji hufuatiwa na uhusiano ulioimarika kati ya mteja na mshauri. Kusubiri uhusiano ukomae ndipo kazi ianze ni kuchelewesha mojawapo ya mambo yanayoukomaza.

Lugha ya mshauri mwenyewe nayo hufanyiwa mazoezi. "Leo unaonekana na afya" ni sentensi njema kwa watu wengi. Mtu mwenye anoreksia husikia amenenepa. Mzaha wa mshauri kuhusu tumbo lake mwenyewe, au sifa kwa lishe anayoifuata, vinaweza kubaki kichwani mwa mteja kwa mwezi. Na wapo washauri wengi walioingia kwenye fani hii kwa sababu waliwahi kuugua wao wenyewe. Hilo halimwondoi mtu kazini. Linadai msimamizi anayelijua na anayeuliza waziwazi mshauri huyo anakulaje siku hizi.

Mipaka ya chumba cha mazungumzo

Kuna sehemu ya mafunzo isiyo na mjadala. Mshauri asiyekuwa daktari hafanyi kazi hii peke yake. Kabla ya mambo mengine, mteja awe na daktari anayempima mapigo ya moyo, shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, umeme wa moyo, na madini kwenye damu. Mshauri naye ajue maswali yanayomfanya anyanyue simu siku hiyo hiyo: umezimia? Moyo unaruka mapigo? Unapata maumivu ya kifua? Unatumia dawa za kuharisha? Misuli imelegea kiasi cha kushindwa kunyanyuka ulipochuchumaa? Unafikiria kujiua? Vipimo vya damu vilivyo sawa havimaanishi mteja yuko salama. Mwili uliodhoofika unaweza kuvilinda viwango hivyo mpaka karibu kabisa na kuporomoka.

Jambo jingine linalowashangaza wanafunzi ni kwamba chakula chenyewe kinaweza kuwa hatari. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akianza kulishwa, fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu vinaweza kushuka ghafla, na moyo ukashindwa. Madaktari waliliona hilo kwa mateka wa Vita vya Pili vya Dunia waliokombolewa na kulishwa. Kwa hiyo kumwambia mteja aliyedhoofika sana "nenda kale vizuri" si ushauri wa mshauri kutoa. Ulishaji wake hupangwa na daktari pamoja na mtaalamu wa lishe, pengine hospitalini.

Mteja akiwa kijana anayeishi na wazazi, mafunzo hubadilika sura. Kwa miongo mingi familia zilitajwa kuwa chanzo cha anoreksia, mama hasa, na wazazi walitengwa na tiba. Kazi iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London, na jaribio lake la kwanza kuchapishwa mwaka 1987, iligeuza jambo hilo: wazazi ndio wanaopewa usukani wa kumlisha mtoto mpaka uzito urudi, kisha kijana hurudishiwa mamlaka ya chakula chake hatua kwa hatua, na mwisho ndipo mambo ya ujana yanazungumzwa. Kipindi cha pili familia huja na chakula na kula mbele ya mshauri. Mshauri halishi wala hahubiri. Anawasaidia wazazi wawe na sauti moja ili mtoto ale japo tonge moja zaidi ya alilokusudia. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha wataalamu wa matatizo ya ulaji kilitoa tamko kupinga dhana kwamba familia ndiyo chanzo kikuu. Hata hivyo lawama haijatoka midomoni. Mwanafunzi akisema "mama yake anamdhibiti mno" kuhusu mama ambaye binti yake hajala kwa siku mbili, msimamizi ana kazi ya kufanya.

Nani afunzwe, na ajulikane vipi kwamba ameiva

Mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unatoa picha ya ukubwa wa kazi: hadi vipindi 40 kwa anoreksia ya watu wazima kwa tiba ya kubadili fikra na tabia, hadi 20 kwa bulimia, na kwa bulimia na kufakamia huanzwa na kitabu cha kujisaidia mwenyewe kwa msaada mfupi wa mhudumu. Mhudumu huyo halazimiki kuwa bingwa. Waller na wenzake wameonyesha pia kwamba toleo fupi la tiba ya kubadili fikra na tabia, la vipindi 10, kwa wateja wasiokonda, linaweza kutolewa na wasaidizi wasio na shahada ya utabibu wa saikolojia, mradi wanasimamiwa kwa karibu kila wiki. Hiyo ni habari njema kwa sehemu zenye wataalamu wachache, ila neno mradi ndilo linalosahaulika bajeti ikibana. Semina ya siku mbili bila usimamizi humwachia mshauri istilahi mpya na mazoea yale yale.

Usimamizi wenyewe, ukifanywa sawasawa, hauegemei masimulizi ya mshauri. Watu hukumbuka vipindi vyao kuwa vizuri kuliko vilivyokuwa, kwa hiyo msimamizi husikiliza rekodi kwa ridhaa ya mteja, hutazama grafu ya uzito, na husoma shajara. Kituo kikubwa cha ukaguzi ni karibu na kipindi cha 4. Mabadiliko ya wiki za mwanzo ni miongoni mwa viashiria bora tulivyo navyo vya jinsi tiba itakavyoishia, kwa hiyo kama milo bado haina mpangilio na kutapika hakujapungua, suala hilo linawekwa mezani na mteja mwenyewe akiwepo: nini kinazuia, je, tiba hii ndiyo inayomfaa sasa, je, anahitaji huduma ya juu zaidi. Washauri wachanga karibu wote huomba waongezewe wiki mbili kabla ya kuyasema hayo, na msimamizi anayewakubalia anapaswa kwanza kuwauliza wiki hizo mbili ni za nani.